Pampu ya presha ya robo tatu hosipawa baada ya miezi mitatu ya matumizi

Pampu ninayoitathmini hapa ni ya pili. Ya kwanza, ya nusu hosipawa, niliuziwa Gerezani, Kariakoo, na muuzaji aliyeninyooshea kidole kwenye kibao cha mota: lita 35 kwa dakika, mita 35 za kupandisha maji. Sikujua wakati ule kwamba namba hizo mbili hazikutani kamwe, kwa kuwa lita 35 hupatikana pale tu maji yanapomwagika bila kupandishwa popote, na mita 35 hufikiwa koki zote zikiwa zimefungwa na hakuna hata tone linalotoka. Mtu mmoja akioga ghorofani, mambo yalikuwa shwari. Wa pili akifungua maji chini, wote wawili walibaki na povu mwilini.

Kabla ya kurudi dukani nilipiga hesabu niliyopaswa kuipiga mapema. Kwa ndoo na saa nilipima kila bomba likiwa wazi peke yake: bafu mbili hutumia lita 9 kwa dakika kila moja na jikoni lita 6, jumla 24. Bafu la juu liko mita 4 juu ya pampu, nami nilitaka lipate presha ya baa 1, ambayo ni kama mita 10 za maji, kisha nikaongeza mita 4 zinazoliwa na msuguano wa mabomba na viungo vyake. Nilihitaji, basi, lita 24 kwenye mita 18, ilhali pampu ile kwenye kimo hicho ilitoa takriban lita 17.

Muuzaji alishauri hosipawa nzima. Nilimwomba kijitabu chenye mchoro unaoonyesha pampu hutoa lita ngapi kwenye kila kimo, akashangaa kidogo, lakini alikipata. Humo niliona kwamba pampu ya sentrifuga (inayosukuma maji kwa gurudumu linalozunguka) ya robo tatu hosipawa, yaani kilowati 0.55, yenye kibao cha lita 90 na mita 28, hutoa lita 24 ikiwa kwenye mita 25 hivi. Ziada hiyo ilinitosha. Leo bafu zote mbili na jikoni hutumika kwa pamoja bila mtu kukosa maji, na kelele zake ni ndogo kuliko za ile ya nusu.

Dosari iliyonisumbua ni swichi ya presha, ambayo ilitoka kiwandani ikiwa imepangwa kuwasha kwenye baa 1.4 na kuzima kwenye baa 2.8. Pampu inayoishia mita 28 haiwezi kwa uhakika kufika hapo, hivyo usiku wa kwanza ilinguruma hadi alfajiri huku koki zote zimefungwa, na mota ikawa ya moto wa kutisha. Fundi alishusha kiwango cha kuzima hadi baa 2.2, na tatizo likaisha. Duka lingeweza kulisema jambo hilo kabla sijalipa.

Bafu la chini lililoko nyuma bado hupoteza kasi jikoni kunapokuwa wazi, lakini kosa si la pampu. Aliyejenga alivuta bomba la nusu inchi kwa karibu mita 20 na kuzilisha sehemu zote mbili kwalo, na maji yakiongezeka maradufu ndani ya bomba lilelile, msuguano hukaribia kuongezeka mara nne. Fundi akirudi ataweka la robo tatu inchi, pampu haitaguswa.