Duka la sanda na ubani kule Langoni, Lamu: nimeingia mara tatu ndani ya wiki mbili

Assalam alaykum jamani. Hili duka limenishinda umri, wala sijaona mtu akiliandikia chochote, na mimi pia nisingeandika kama si babu kufariki mwezi uliopita. Ukitoka sokoni pale mbele ya ngome shika Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, uelekee Langoni, bango hakuna, utalijua kwa harufu ya ubani.

Mara ya kwanza tulienda saa kumi usiku. Mzee mwenye duka analala ghorofani juu ya duka lake, tukagonga akateremka na tochi ya simu, akatuambia "makiwa", ile pole ya msiba, na mimi hata kuitikia "yamepita" sikuweza. Akauliza mambo mawili tu, mtu mume au mtu mke, na mrefu kadiri gani. Mtu mume sanda yake vipande 3, mke 5, hilo nalijua tangu madrasa, lakini kulijua ni kitu kimoja na kusimama pale ukitazama mtu akimpimia babu yako ni kitu kingine kabisa. Akashusha jora la bafta, kile kitambaa cheupe cha pamba, akatia ncha ya kisu kidogo halafu akachana kwa mikono. Mtaa wote kimya, hata punda hakuna, nguo ikilia ile chaaa mara moja ndefu, wallahi mpaka leo naisikia. Akachana na kanda nyembamba za kufungia, akatia pamba, kafuri, majani ya mkunazi yaliyosagwa ya kuoshea, sabuni na marashi, yote mfuko mmoja. Jumla shilingi 2,600. Akasema pesa mtaleta mkishazika, nenda mwanangu mzee anangoja.

Nalisema hili kwa sababu kuna mwaka tulifiwa na shangazi tukachukua sanda iliyofungwa tayari duka jingine (silitaji), kuja kufungua kitambaa chepesi mpaka mkono unaonekana upande wa pili na kimepungua, wanawake wakakaa na maiti ndani wakingoja mtu akimbie akanunue cha kuongezea. Hiyo aibu haisahauliki.

Babu akaoshwa nyumba ya kati, kile chumba cha ndani kabisa. Siku ya nane dadangu akajifungua, mtoto wa kike maa shaa Allah, akatoka hospitali akaletwa nyumbani kukaa arobaini yake, na alipowekwa ni chumba hicho hicho manake ndicho kisichopigwa na upepo na ndimo mamangu alimomzaa yeye. Bibi yuko chumba cha mbele amekaa eda, miezi 4 na siku 10. Yaani nyumba moja ina wanawake wawili hawatoki mlangoni, mmoja kwa mauti na mmoja kwa uhai, na mwenye kutumwa dukani ni mimi.

Basi nikarudi kwa mzee. Nilitaka tende za kumlambisha mtoto, pilipili manga ya uji wa mzazi na udi wa kumfukiza. Akafunga tende na pilipili manga, udi akaushika mkononi kwanza akaniuliza, bibi yako yuko chumba gani? Nikamwambia. Akasema huu ufukizwe ndani na mlango ufungwe, chetezo kisipitishwe mbele ya bibi, mwenye eda hatii manukato. Sisi nyumba nzima hakuna aliyelifikiria hilo. Kisha akauliza mtoto ana winda? Nepi za dukani tunazo lakini bibi alikuwa ashasema anataka bafta, ni laini haimchubui mtoto, hivo nikasema nichanie. Akashusha jora. Lile lile, nimelijua kwa alama ya wino wa bluu pembeni. Nikajikuta nalia pale dukani mtu mzima mimi, naye hakusema kitu, akaendelea kuchana vipande vidogo vidogo vya mraba akivikunja kimoja juu ya kimoja, akanipa kiti.

Mara ya tatu ilikuwa siku ya akika, ile ya kumchinjia mtoto mchanga. Mbuzi 1 kwa kuwa ni wa kike, mtoto kanyolewa, nywele zapimwa ili itolewe sadaka ya fedha (silva) ya uzani huo, na nyumbani hatuna mizani ya kupima kitu chepesi vile. Yeye anayo ya kupimia udi. Akaipangusa vizuri, akatandika karatasi, akaweka zile nywele kwa vidole viwili kama anayeshika yai la njiwa. Hazikufika hata gramu 2. Akakataa kulipwa.

Kasoro zipo. Adhuhuri anafunga mpaka baada ya alasiri, risiti haandiki, M-Pesa anapokea kwa namba yake mwenyewe na mtandao ukisumbua utangoja, na ndani ni giza, ukitaka kuchagua kanga nenda kwengine. Bei ya udi iko juu kidogo lakini ni udi kweli.

Nampa nyota 5. Bibi bado ana miezi mitatu na siku kadhaa, kila jioni mtoto analetwa alazwe mapajani mwake na zile winda zake, na jana bibi kaniambia zimeanza kupungua, nipite kwa mzee nimletee nyengine.