L-theanine + mlonge + dawa ya presha: nilichochanganya na nilichokataa

Naandika kwasababu watu wananiuliza sana hii theanine, kirutubisho cha kutuliza akili, inafanya kazi au ni hela inaliwa tu. Jibu fupi, kwangu inafanya, ila sio kivile wanavyoinadi wauzaji. Nafanya kazi za shifti, nikitoka usiku mwili umechoka kabisa halafu kichwa hakitaki kuzima, nalala macho juu. Natumia kapsuli ya miligramu 200 kama saa moja kabla ya kulala. Haikuangushi kama dawa za usingizi, usitegemee hilo, inachofanya ni yale mawazo yanapungua kasi halafu usingizi unakuja wenyewe. Na asubuhi siamki na kichwa kizito, hapo ndo naipenda zaidi. Ni amino asidi iliyomo kwenye majani ya chai, Wajapani waliitenga kutoka kwenye chai ya kijani mwaka 1949, kwahiyo sisi wanywaji wa chai tumekuwa nayo siku zote ila kwenye kikombe ni kidogo sana.

Sasa ishu yenyewe ni kuchanganya, maana hakuna mtu siku hizi anatumia kitu kimoja. Mimi nipo kwenye amlodipine ya presha, na mama mkwe anatuletea unga wa mlonge kutoka kijijini tunaweka kwenye uji (huwezi kukataa zawadi ya mama mkwe). Duka nililonunulia theanine lipo Kariakoo, muuzaji mcheshi balaa, akataka kunipa na kopo lingine la "usingizi na furaha", eti mitishamba mitupu haina madhara. Nikaligeuza nyuma nikasoma. 5-HTP, St John's wort, valerian, ashwagandha, vyote vimejumlishwa kwenye uzito mmoja wa mchanganyiko, hujui kipi kipo kiasi gani. Mtu akikuficha dozi ya kila kitu utajuaje umezidisha? Nikapiga picha lebo nikamwambia nitarudi.

Nikaenda kwa mfamasia wetu wa mtaani, na kwakweli huyu dada ndo anastahili nyota tano kuliko kopo lolote. Akaniambia kaka leta vyote uvimwage hapa mezani, hata huo unga. Hakuniuliza kipi kinasaidia nini, aliuliza kila kimoja kinasukuma mwili upande gani. Amlodipine inashusha presha, mlonge unaweza kushusha presha na sukari, theanine nayo inaweza kushusha presha kidogo. Kwahiyo akasema vitatu vyote vinavuta kamba upande mmoja, sio marufuku, ila niwe napima presha nyumbani hasa wiki za mwanzo na nikisikia kizunguzungu nikisimama nimrudie haraka. Pia nisianze vitu viwili kwa mpigo, maana kikinikataa kimoja sitajua ni kipi.

Ile picha ya kopo ndo aliikazia sauti. 5-HTP inatolewa kwenye mbegu za mmea wa Afrika Magharibi unaoitwa Griffonia simplicifolia, ukiimeza mwili unaigeuza kuwa serotonini, kemikali ya mwilini inayogusa hisia na usingizi. St John's wort, mmea wa dawa, nayo inapandisha serotonini kwa njia yake, sasa ukiziweka pamoja, au mtu yupo kwenye fluoxetine au sertraline (dawa za sonona) au tramadol (ya maumivu) akaongeza hizo, serotonini inaweza kupitiliza: kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kuharisha, joto kupanda, mtu anachanganyikiwa. Hiyo ni ya kukimbizwa hospitali, sio ya kunywea maji ukalala. Halafu valerian na ashwagandha, nazo mitishamba, zote zinaleta usingizi, weka na bia mbili hapo juu uone.

Kilichonishtua zaidi ni ini. St John's wort inaliamsha ini livunje dawa nyingine haraka kuliko kawaida, kwahiyo dawa unameza lakini kwenye damu inabaki kidogo. Akataja vidonge vya uzazi wa mpango, njiti (zile za kuzuia mimba zinazowekwa mkononi), ARV ikiwemo dolutegravir, warfarin ya kuzuia damu kuganda, na hata hii amlodipine yangu inaweza kupungua nguvu. Wife ana njiti! Na nyumbani kwetu kopo likishaingia ni la wote. Tena akasema kwenye lebo wakati mwingine wanaandika Hypericum perforatum, ndo huyo huyo, msipishane naye.

Ashwagandha peke yake nayo sio ya mchezo, inaweza kupandisha homoni za thairoidi, kuna watu waliumia ini, mjamzito asiguse, na Denmaki waliipiga marufuku mwaka 2023. Muuzaji wangu yeye ananiambia haina madhara.

Kuhusu ubora, mimi nanunua kopo lenye kiungo kimoja tu na alama ya kupimwa na taasisi huru isiyo ya kiwanda chenyewe, kama USP au NSF, hata kama bei imechangamka. Mwaka 1989 kule Marekani watu zaidi ya 1,500 waliugua na zaidi ya 30 wakafariki kwasababu ya vidonge vya tryptophan, amino asidi ya kawaida kabisa, ikaja kuhusishwa na uchafu kwenye mzigo wa kiwanda kimoja cha Japani. Tangu nilijue hilo sinunui vile vya kupimiwa kwenye kifuko.

Theanine yenyewe naipa nne kwa tano. Moja nimeikata kwasababu kapsuli ni kubwa, na kwa joto hili la Dar zinagandana usipofunga kopo vizuri. Mlonge naendelea nao ila asubuhi, mbali na theanine, presha yangu imetulia mpaka sasa. Lile kopo la furaha sijalirudia, jamaa bado ananitumia meseji za ofa.