Samaki-simba na samaki-jiwe: yupi wa kuogopwa zaidi?

Samaki-simba utamwona mapema: michirizi myekundu na myeupe, mapezi yametanuka kama manyoya ya ndege, anaelea kando ya matumbawe bila haraka. Miiba yake 18 ina sumu inayouma vibaya, ila ni nadra kuua mtu.

Samaki-jiwe hatoi onyo lolote, na kwangu huyu ndiye wa kuogopwa. Hujilaza chini, huwezi kumtofautisha na mwamba. Ukimkanyaga au kumwekea mkono, miiba 13 ya mgongoni hukuchoma kwa sumu kali kuliko ya samaki yeyote anayejulikana. Tafadhali, mzamiaji, usishike mwamba!

Ukichomwa na yeyote kati yao, loweka jeraha katika maji ya moto yasiyounguza, kisha wahi hospitali.