Baiskeli ya safari za njia mbovu kwa pesa kidogo: nimeivua nguo hapa mezani

Karibuni, wapenda baiskeli. Hii mnayoiona imeundwa kwa fremu kuukuu ya chuma na vipuri ambavyo vingi vilishatumika. Kazi yake ni kumbeba mtu, hema, maji na sufuria zake kwenye changarawe na mawe, siku baada ya siku. Ukisema ni mbaya sura, sikubishii. Ninachotaka mkione leo ni mahali pa kuweka pesa na mahali pa kubana.

Fremu ndipo pa kubana. Hii ni baiskeli ya milimani ya miaka ya 1990, chuma cha kromoli (kilichochanganywa kromi na molibdeni), magurudumu ya inchi 26. Soko limehamia 27.5 na 29, kwa hiyo hizi za 26 wengi wanaziacha zioze stoo. Tazameni huku nyuma: ni ndefu, kisigino hakigongi begi, na karibu na ekseli kuna matundu ya bolti za keria. Kabla hujalipa, chomoa bomba la siti. Likigoma, mshukuru muuzaji uende zako, maana alumini iliyokaa miaka ndani ya chuma bila grisi huota kutu na kung'ang'ania kama imechomelewa. Kisha pitisha kidole chini ya mabomba ya fremu, nyuma kidogo ya usukani. Ukikuta rangi imejikunja au chuma kimevimba, hiyo iligonga kitu.

Shokapu ya mbele ya bei rahisi sitaki kuiona. Ni nzito, ikichoka hainesi, na huna pa kufungia mzigo. Weka foki ya chuma isiyonesa, ila urefu wake ulingane na ile iliyotolewa. Ikiwa fupi mno, pua ya baiskeli inashuka na pedali zinaanza kugonga mawe.

Sasa gurudumu la nyuma. Jamani, hapa usibane! Uzito mwingi wa safari unakaa juu yake. Baiskeli nyingi za bei ya chini zina friwili, yaani meno ya nyuma ya kuzungushia kama kifuniko kwenye habu (kitovu cha gurudumu), na ubaya wake hauonekani kwa nje: beringi ya kulia inakaa ndani, mbali na ncha ya ekseli, hivyo kipande kirefu cha ekseli kinabaki kinaning'inia bila msaada. Pakia mizigo, shuka kwenye mashimo, ekseli inapinda, mwisho inakatika. Habu ya kaseti, ambayo meno yake huchomekwa badala ya kuzungushiwa, imesogeza beringi hadi karibu na fremu, na tatizo hilo linaisha. Tafuta yenye spoki 36. 32 zinatosha kama wewe na mzigo wako si wazito. Na spoki ikikatika upande wa kaseti, huwezi kuingiza nyingine bila kutoa kaseti, kwa hiyo kifaa cha kuifungulia kikae begini pamoja na spoki za akiba.

Gia zimenifurahisha kuliko nilivyotarajia. Mbele meno 22, nyuma 34. Kwa gurudumu hili, kila mzunguko wa pedali unakusogeza kama mita 1.3. Chukua mfumo wa kisasa wa gia 12, meno 32 mbele na 51 nyuma kwenye gurudumu la 29: unapata kama mita 1.4. Yaani hiki kizee kinapanda mlima kwa gia nyepesi zaidi! Na cheni yake ya gia nane ni rahisi kupata. Ipime kwa rula: pini 24 mfululizo, ukianza kuhesabu baada ya ile ya kwanza, ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, badilisha kabla haijala meno ya kaseti.

Breki ni za V, zenye mikono miwili mirefu ya kubana rimu (ukingo wa gurudumu). Hapa sijaridhika kabisa, kwa sababu matope yanasaga rimu, na rimu iliyobonyea ubavuni haifai safari. Lakini waya na raba zake unabadilisha mwenyewe kando ya njia. Angalia tu vishikio viwe vya breki za V. Vile vya breki za kantileva za zamani, zenye mikono mifupi, vinavuta waya kidogo mno, na utabana hadi vigonge usukani.

Tairi ni za upana wa inchi 2.1. Upepo uwe chini ya kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni, tairi ilalie mawe badala ya kurukaruka. Lawama yangu kubwa kwa inchi 26 iko hapo hapo: tairi nzuri za saizi hii zinazidi kupungua, kwa hiyo ukikutana nazo, nunua jozi.

Keria nimechagua ya chuma, kwa kuwa ikivunjika fundi yeyote wa kuchomelea ataiunga. Bolti zake ni M5 (unene wa milimita 5), na ndizo za kwanza kulegea kwenye mawe. Zikague kila jioni, na ubebe za ziada.