Uzoefu wangu: kuzamia Bonaire na kiongozi anayejua kukataa

Wadau habarini, mimi naishi Uholanzi na mwezi uliopita nilienda Bonaire, kile kisiwa cha Karibiani kilicho chini ya Uholanzi, ndege unapanda Amsterdam moja kwa moja. Nimezamia siku tano na nimeona niwaandikie maana naulizwa sana kama ni salama.

Nilivyofika nilijua naonesha kadi tu, ile ya kuthibitisha umefuzu kuzamia, naingia majini. Wapi! Kule bahari yote inayozunguka kisiwa ni hifadhi tangu 1979, unalipia ada kwanza, halafu mbizi ya kwanza lazima iwe ya majaribio hata uwe mzoefu vipi, na glavu hawaruhusu ili usishikeshike matumbawe. Kiongozi wangu wa kuzamia akaniuliza mara ya mwisho umezama lini, nikamwambia mwaka na nusu, basi akanipeleka kwenye maji mafupi tukapiga magoti mchangani, nijaze maji kwenye maski niyatoe kwa kupuliza pua, nitoe mpira wa kupumulia mdomoni niurudishe. Nilikereka, niliona ananipotezea muda. Siku ya tatu maski ikavuja kweli tuko mita 15, nikapuliza pua maji yakatoka nikaendelea na safari, moyo wala haukwenda mbio. Ndo nikamuelewa.

Halafu kuna Hilma Hooker, meli iliyozama 1984, imelala ubavu mchangani kama mita 30 chini. Kadi yangu inaniruhusu mwisho mita 18. Nikambembeleza sana, nikasema ntaongeza hela, akakataa kwa upole kabisa, tukapita juu yake tu, ule ubavu nauona chini yetu umeota matumbawe. Kwangu ilitosha jamani.

Nasisitiza hili kwa sababu kabla ya hapo nilizamia sehemu nyingine, siitaji, bei nusu, watu nane kiongozi mmoja, hakuna aliyeniuliza hewa imebaki kiasi gani na nikatoka na bar 20 tu kwenye mtungi (bar ni kipimo cha mgandamizo wa hewa), yaani hewa karibu imekwisha. Niliogopa mno siku ile. Huyu wa Bonaire tulikuwa wawili tu, kila baada ya dakika chache ananigeukia nimuoneshe kwa vidole hewa imebaki kiasi gani, tukipanda tunapanda taratibu, mita 5 tunasimama dakika tatu, na bar 50 za mwisho ni akiba, haziguswi. Kwenye hizo dakika tatu kuna samaki anaitwa pono alikuwa anatafuna mwamba pembeni yangu, yaani ule mlio wa meno unausikia wazi kabisa, sijawahi kusikia kitu kama kile.

Dosari ni moja, nguo ya kuzamia waliyonikodisha ilichanika begani, wakanibadilishia kesho yake.

Tangu siku ya kwanza alishaniuliza ndege yangu ni lini akaandika, kwa hiyo siku ya kuondoka hakuna kuzama, lazima zipite saa 18 tangu mbizi ya mwisho ndo upande ndege. Asubuhi ile nikaingia na maski na mrija tu, nikamkuta kasa anakula majani palepale ufukweni.