Fonti ya Veneer kwenye maneno ya Kiswahili: uzoefu wangu

Ukitaka kuipima fonti yenye sura ya chapa chakavu, andika KAHAWA. A ziko tatu, na zote zikiwa na mkwaruzo uleule kwenye mguu uleule, mtu anatambua papo hapo kwamba ni kazi ya kompyuta. Kibao cha mbao kilichopakwa wino hakitoi chapa mbili zinazofanana. Kwa Kiswahili, chenye irabu kila kona, kasoro hii hujitokeza haraka kuliko kwa Kiingereza.

Veneer ya Yellow Design Studio, Marekani, inafaulu mtihani huo, mradi uisaidie. Ni nzito, imebanana, na ina herufi kubwa tupu: kitufe cha herufi ndogo kinatoa herufi kubwa ileile yenye uchakavu mwingine. Ukiongeza fonti dada zake, Veneer Two na Veneer Three, kila herufi ina sura 6.

Mimi naandika KaHAWA, kisha A ya mwisho naihamishia Veneer Two. Hapo pengo linafunguka kati ya W na A, maana kila faili la fonti linajua nafasi za jozi za herufi zake lenyewe tu. Kwenye programu ya Illustrator weka kasa (cursor) katikati yao, shika Alt, bonyeza mshale wa kushoto mara tatu au nne huku ukitazama. Usiruke hatua hii, pengo la WA linaua kichwa cha habari kizima. Kwenye NG'OMBE weka apostrofi iliyopinda, si ile iliyonyooka.

Sasa uchapaji, ambako kazi nyingi huharibika. Kwa fulana zinazochapwa kwa skrini, wavu wa 43T (nyuzi 43 kwa sentimita) hupitisha wino mwingi na vitobo vidogo vya uchakavu vinaziba. 77T au 90T huvitunza. Hakikisha vitobo ni uwazi kweli, rangi ya kitambaa ionekane, si madoa meupe yaliyopakwa juu. Vinili ya kukata sahau kabisa: kisu cha plota (mashine ya kukatia) kinazunguka kila doa, na ukianza kung'oa mabaki vile visiwa vidogo vinaondoka nayo. Kwa oda ya fulana chache, DTF (picha huchapwa kwenye filamu, kisha hubandikwa kwa joto) ni bora, ila futa kwanza vidoa vilivyojitenga vilivyo chini ya nusu milimita, kwa sababu gundi yake haishiki vizuri na vinabanduka kwenye kufua.

Chini ya pointi 24 uchakavu unaonekana kama uchafu wa printa. Namba ya simu na bei ziandike kwa fonti safi.

Herufi za Veneer zina nukta za umbo nyingi mno, kompyuta dhaifu inakwama. Geuza maandishi kuwa maumbo (Ctrl+Shift+O) mwishoni kabisa, na hifadhi nakala ambayo bado inaharirika. Mteja hakosi kubadilisha tarehe. Leseni ya kutumia fonti kwenye kompyuta na ya kwenye tovuti hununuliwa mbali mbali, soma kabla ya kulipa.