Kadinali wa kaskazini na tanaja wa kiangazi
Madume wa ndege hawa wawili ni wekundu, na kusini mwa Marekani wanaishi misitu ileile, kwa hiyo tazama kichwa kwanza. Kadinali ana kishungi, na mdomo mnene wa kuvunjia mbegu uliozungukwa na manyoya meusi. Hahami, na jike lake pia huimba.

Tanaja hana kishungi. Hunasa nyuki na nyigu angani, huwapigiza kwenye tawi hadi wafe, kisha huwasugua hapohapo kuondoa mwiba kabla ya kuwameza. Ustadi wa ajabu! Baridi ikikaribia huhamia kusini, hadi Amerika ya Kusini.

Zamani aliwekwa Thraupidae, familia ya tanaja wengi. DNA ilipoonyesha kuwa jenasi yake, Piranga, ni ndugu wa makadinali, mwaka 2009 wataalamu wa Marekani walimhamishia Cardinalidae, familia ya makadinali. Naona walifanya sawa: umbo la mdomo hubadilika upesi kufuata chakula, kwa hiyo si kipimo kizuri cha undugu.